Sauti Niliyompa Adui

Niseme mapema asije mtu akanihurumia: Kijerumani sikijui. Sijui hata salamu. Na ile filamu ya Wajerumani niliitafsiri yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya ukumbi mzima wa watu wazima waliokuwa wakinywa chai na maandazi, na hakuna hata mmoja aliyesinzia. Wazee wale wakisinzia huwaamshi kwa king'ora, lakini siku ile walikaa macho. Kwa muda mrefu nililihesabu jambo hilo kuwa sifa yangu.

Kabla ya kuja Uingereza nilikuwa mtafsiri wa filamu, Tabora. Wanaoijua kazi hiyo wanaijua. Palikuwa na banda la video nyuma ya soko, mabenchi ya mbao, joto la kukaangia, watu wamebanana wanamtazama Mchina akiruka ukuta, na mimi nimekaa pembeni na maikrofoni nawaambia nani kasema nini. Kichina sikijui, Kihindi sikijui, Kiingereza wakati ule nilikuwa nabahatisha. Haikuwa shida. Mtu wa banda haji kutafuta ukweli. Anakuja aambiwe steringi ni nani na adui ni nani, basi, mengine yote ni chumvi. Steringi hafi. Adui lazima apigwe mwishoni. Na ukishamtaja adui dakika ya kumi, umemtaja. Hata filamu yenyewe ikikataa, wewe unakomaa naye hadi mwisho, maana mtafsiri akisema "samahani jamani nimekosea" watu wanadai kiingilio chao na benchi wanakurushia.

Kulikuwa na mtindo mwingine wa kazi. Kila sura ya kigeni tuliipa sauti ya mtu wa pale pale mtaani. Polisi wa Marekani aliongea kama mwenyekiti wetu wa mtaa, neno moja kikohozi kimoja. Jambazi aliongea kama muuza bucha. Banda linavunjika kwa kicheko kwa sababu mwenyewe yumo humo humo, benchi la tatu, na yeye ndiye anayecheka kuliko wote. Kuigizwa kulikuwa heshima, kulikuwa kuambiwa kwamba unajulikana. Aliyenuna aliambiwa, "We vipi, huna utani?" Sikumbuki mtu aliyeumia. Au niseme kweli: sikumbuki kuuliza.

Huku Birmingham nafanya kazi Tyseley, kwenye kiwanda cha kuchambua taka. Mkanda unapita, mikono inachagua: chupa huku, kopo kule, nepi ya mtoto wa watu unaifumbia macho. Tumevaa vizibo vya masikio saa nane nzima. Mtu aliyekuwa analishwa na mdomo wake anakaa saa nane hasemi neno, na hakuna anayegundua. Nyumbani nina watoto watatu, nikiwasimulia kitu kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza huku wanatazama simu. Kwa hiyo Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuwa mtu.

Jumamosi tulikutana Northfield, kwenye ukumbi wa kanisa la ndugu zetu wa Kongo. Wengi ni watu wa Uvira na Bukavu, halafu Wakenya wachache, halafu sisi Watanzania tunaojiona ndio wenye lugha. Tulikuwa na Singasinga mmoja, mama mzaliwa wa Nakuru, mwalimu mstaafu, Kiswahili chake kinawashinda wanangu wote watatu wakijumlishwa. Tulimwita Mwalimu. Marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa wa filamu za kale, aliacha kabati zima, na Mwalimu alikuwa akituletea moja kila mwezi. Mimi natafsiri, ukumbi unacheka, wakina mama wananiita fundi. Nilikula sifa zile kwa miaka miwili.

Kisha akaja Dereva.

Alikuwa mtu wa Uvira, umri wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Kanisa lilimpa basi lake dogo awe anawachukua wazee na kuwarudisha. Kazi hiyo aliifanya kwa namna ya peke yake. Akimfikisha mama mtu mzima kwake, haondoki. Anamsindikiza mpaka kizingitini, mama anaingia, yeye anabaki nje, anainama kwenye kijitundu cha barua na kuuliza kwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, neno la mwisho akilivuta: "Mama, ulishafunga mulango?" Mpaka ajibiwe "nimefunga, baba," ndipo anarudi garini. Mvua inyeshe, isinyeshe. Kwao waliingiliwa nyumbani, na mlango wao ulikuwa na komeo la kamba. Hicho ndicho alichowahi kusema, na sisi hatukuuliza zaidi.

Wakina mama walimpenda, weee! "Yule baba ana utu." "Yule baba kalelewa." Mke wangu naye alikuwa anarudi na basi lile, mimi nikibaki kupanga viti. Jumamosi moja nafika nyumbani ananiambia, "Unajua Dereva ananiuliza kama nimefunga mlango? Wewe hata nikifia humu ndani utaruka maiti uende kutafuta rimoti." Nikacheka. Moyoni nikasema, ahaa, kumbe. Wivu mimi ninao tangu utotoni, sijifichi. Nilianza kumwona mtu yule anavyoinama, anavyouliza, na kila nikimwona ninachefuka.

Na yeye masikini aliniamini. Dada yake alikuwa amefariki hospitalini mwaka uliotangulia, akaacha mabinti wawili, mkubwa ana miaka minane, mdogo mitano, wote wazaliwa wa hapa. Baba yao hayupo. Serikali iliwachukua ikawaweka kwa familia moja ya Kizungu, upande wa pili wa mji, kwa muda. Dereva alikuwa anaomba apewe yeye. Kwetu mjomba ni mzazi, hakuna mjadala, lakini huku mjomba anachunguzwa. Nyumba yake walishaikagua wakairidhia. Kilichobaki ni afisa wa ustawi wa jamii kuja ukumbini kwetu, Jumamosi mojawapo, awaulize watu wanaomfahamu: huyu mtu ni mtu wa namna gani?

Alinifuata jikoni, kwenye birika kubwa la chai. "Yaya," akaniambia, maana kwao kaka mkubwa ndiyo yaya, "weye unajua kusema mbele ya bantu. Ule mama akikuja, utanisemea?"

"Hiyo ndogo," nikamwambia. "Niachie mimi."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa imebaki wiki mbili afisa aje.

Jumamosi ile ile Mwalimu alikuja na diski ndani ya mfuko wa plastiki. "Leo nimewaletea ya Wajerumani," akasema. "Ya zamani sana, filamu zilipokuwa ndiyo kwanza zinajifunza kusema. Ya uhalifu. Haina maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo kaa hapa nikueleze kisa chake kabla hujaanza, maana mwisho wake—"

"Mwalimu, usiniharibie," nikamkatiza. "Mtafsiri haambiwi mwisho."

"Hii si ya Wachina wako wa kuruka ukuta. Sikiliza kwanza."

"Nimetafsiri filamu mia, Mwalimu. Macho ninayo."

Akanitazama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake wa Nakuru, nadhani, akaenda kuketi. Nikazima taa, nikashika maikrofoni.

Nikiri, ile filamu ilinitisha kabla ya mtu mwingine yeyote kutishika. Mji wa mvua, nyeusi na nyeupe, majengo marefu yenye ngazi za kuzunguka, wanaume wa makoti na kofia. Lakini kilichonishika ni ukimya wake. Filamu za leo zina muziki unaokwambia sasa ogopa, sasa lia. Hii haikuwa na muziki. Ilikuwa inatoa sauti moja, halafu kimya, halafu nyingine. Viatu kwenye ngazi. Kimya. Maji yanadondoka kwenye beseni. Kimya. Kisha simu ikalia, na ukumbi mzima wa Northfield ukashtuka.

Mwanamke aliyeinua simu alikuwa mjane, yuko peke yake, amevaa nguo nyeusi. Upande wa pili wa waya kuna mwanamume, na hatuonyeshwi sura yake. Tunaonyeshwa mdomo tu, karibu kabisa na chombo cha simu, na kola ya koti. Ule mdomo ukasema maneno machache kwa upole. Mwanamke akaganda. Picha ikakatika, asubuhi polisi wako mlangoni, na mwanamke amekufa.

Mpaka hapo nilikuwa nimewapa wote sauti zao. Inspekta mnene nilimpa sauti ya mchungaji, watu wakacheka, mchungaji akapiga paja. Sasa huu mdomo ulihitaji sauti. Ningependa kusema ilinitoka tu. Haikunitoka tu. Nilikuwa na sekunde mbili, na katika sekunde mbili hizo nilimfikiria mke wangu na rimoti. Nikainamisha kichwa, nikaleta mkwaruzo, nikavuta neno la mwisho:

"Mama, ulishafunga mulangooo?"

Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja alimwaga chai. Watu waligeuka kumtafuta Dereva, naye alikuwa nyuma, amesimama karibu na birika, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyefika katikati ya mazungumzo. Nikaona simu tatu nne zimeinuliwa zinanirekodi. Nilisikia raha mpaka miguuni.

Mjane wa pili, simu ikalia. "Mama, ulishafunga mulangooo?" Wakacheka tena, ila kidogo. Mjane wa tatu, mwanamke mwenye paka. Simu. Kimya kile. Nikangoja mpaka mdomo ukamaliza kucheza ndipo nikanong'ona. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamejikunyata kwenye makoti yao, na mama mtu mzima wa mstari wa mbele, ambaye Dereva alikuwa akimshika mkono kila wiki akipanda basi, aligeuza shingo taratibu akamtazama. Niliona. Kuogopesha ukumbi ni kutamu kuliko kuuchekesha, nilikuwa sijawahi kujua. Nikaendelea.

Kisa kikaenda. Alikuwapo binti wa mtambo wa simu, yule wa kuunganisha waya, akaitambua ile sauti. Huyo nikamfanya steringi. Mji mzima ukaanza kusikiliza. Watu wanamsimamisha mtu njiani wanamlazimisha aseme neno. Mwishowe wakampata mwenye ule mdomo, mtu mwembamba, mpole, karani wa ofisi. Wakamburuta kwenye ngazi zile za kuzunguka, ghorofa kwa ghorofa, wanampiga, naye anapaza sauti neno moja, analirudia na kulirudia. "Anaomba radhi!" nikawaambia. "Umechelewa, adui! Mpige! Mama zetu umewamaliza!" Na ukumbi ukapiga makofi. Watu wa kanisa, watu waliokimbia mapanga, walimpigia makofi mtu anayeburutwa kwenye ngazi.

Halafu filamu haikuisha.

Ilibaki kama dakika ishirini. Inspekta anarudi kwenye lile jengo, anamkuta mlinzi wa nyumba, mzee mwenye fungu la funguo, anamwuliza maswali, mzee anatetemeka, wanamfunga pingu. Mahakama. Binti wa simu analia. Mtu mwembamba yuko kitandani, amefungwa bendeji kichwa kizima, haongei. Jasho likanitoka. Nilishamtaja adui. Nikafanya nilichofundishwa na banda: "Na huyu mwenye funguo ndiye msaidizi wake! Waligawana kazi! Mmoja anapiga simu, mmoja anafungua mlango!" Watu wakaitikia, aaah. Taa zikawashwa, nikapigiwa makofi mpaka nikainama.

Mwalimu alinisubiri nikunje waya. Hakuwa amepiga makofi.

"Yule mtu wa simu hakumwua yeyote," akasema. "Muuaji ni mlinzi mwenye funguo, peke yake. Yule karani alimjua, akaogopa kwenda polisi kwa sababu aliwahi kufungwa. Ndiyo maana alikuwa akiwapigia simu wanawake. Anawaonya."

"Anawaonya nini?"

"Wafunge milango. Neno kwa neno. Maneno umeyapatia, mtu ndiye umemkosea." Akavaa glavu zake. "Jumamosi ijayo uwaambie."

"Mwalimu, hii si filamu tu?"

Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akatoka.

Wiki ile sauti yangu ilitembea kuliko mimi. Iliingia kwenye makundi yote ya simu: la kwaya, la Watanzania wa hapa mjini, la wazazi. Watoto waliokuwa hawasemi Kiswahili hata cha kuombea maji waliijua sentensi moja. Wanangu mimi mwenyewe wakaanza kuniita nikiwa chooni, "Mama, ulishafunga mulangooo?" na nikajiona baba wa maana. Mwanangu wa mwisho alisema hata shuleni inasemwa, Wasomali wanaisema, Wajamaika wanaisema.

Jumamosi iliyofuata basi lilikuja nusu tupu. Huyu kaletwa na mwanawe, yule kapanda basi la kawaida na magoti yake yale. Hakuna aliyesema neno baya, maana watu wetu hawasemi, wanasogea tu. Lakini nilisikia wawili jikoni. "Lakini hebu jiulize, kwa nini anauliza? Mlango wangu unamhusu nini?" "Na ameshajua nyumba zetu zote, mama." "Mimi sisemi kitu. Nasema tu." Na mke wangu, yule yule wa rimoti, akaniambia, "Najua ni utani wako. Lakini aliponiuliza juzi mwili ulinisisimka. Sipandi tena."

Dereva alinifuata tena kwenye birika. Alikuwa ameacha kuuliza habari za milango. Alimwuliza mama mmoja, akaona taa ya ndani inazimwa bila jibu.

"Yaya, ulicheza muzuri," akasema. "Nilicheka, vraiment, kweli kabisa. Sasa uwaambie bantu ile ilikuwa muchezo tu. Juma iyi ingine ule mama wa serikali anakuja."

Ningeweza kumwambia palepale: ndugu yangu, hata filamu ilikuwa upande wako. Nilisema, "Watu wazima hawa, wanajua mchezo." Akaendelea kunitazama, nikaona aibu, nikasema haya basi, nitawaambia.

Na nilisimama kweli. Nilishika maikrofoni baada ya sala. Nikasema, "Jamani, ile filamu ya wiki iliyopita, kuna jambo…" Kabla sijamaliza, mtu wa nyuma akapaza sauti, "Fanya ile!" Wakadakia, "Fanya ile! Ile ya mlango!" Wanapiga meza. Wanapiga miguu. Miaka kumi na minne nachambua taka na vizibo masikioni, na watu wananipigia miguu. Dereva alikuwa amesimama mahali pake na trei ya vikombe, ananingoja niseme.

Nikaifanya. Nikaifanya vizuri kuliko mara ya kwanza, na nilipofika kwenye neno la mwisho niliinama kabisa, anavyoinama yeye kwenye kijitundu cha barua. Alishika trei mpaka kicheko kikaisha, kisha akaenda kuosha vikombe.

Afisa alikuja wiki iliyofuata, mwanamke wa makamo mwenye daftari, mpole. Aliomba watu waongee naye kwa uhuru, mmoja mmoja au pamoja, vyovyote. Swali lake lilikuwa fupi: mngemwachia huyu watoto wenu? Ukumbi ule ambao haunyamazi hata wakati wa mahubiri ulinyamaza. Mchungaji alisema ni mtu wa sala. Mwalimu alisimama, akasema ni mtu mwema na nyinyi nyote mnajua, akatutazama mstari kwa mstari, akaketi. Kisha yule mama wa mstari wa mbele akasema, kwa Kiingereza chake cha kuunga, kwamba hana ubaya naye, ila huwa anauliza kama wamefunga milango. Afisa akauliza: anauliza kila mara? Kila mara. Wote? Wote. Nyuma mtoto mmoja akacheka, akabanwa mdomo. Afisa akaandika.

Akanigeukia mimi. Nadhani alielekezwa. "Ameniambia wewe ndiye utakayemzungumzia."

Siku zote watu wanadhani mtu anakaa kimya kwa sababu hajui la kusema. Mimi nilijua lote, sentensi zote zilikuwa zimepangwa. Lakini nikisema ni mtu mwema, lazima niseme na ile sauti nilipoitoa. Na nikisema nilipoitoa, lazima niseme filamu nzima niliidanganya. Na Jumamosi ijayo nani ataniita fundi?

"Namfahamu kwa salamu," nikasema. "Simjui kiasi hicho."

Dereva alikuwa mlangoni. Hakutikisika. Aliinamisha macho akatazama viatu vyake, kisha akaenda nje kuwasha basi, maana saa ya kuwarudisha wazee ilikuwa imefika, ingawa hakukuwa na mzee wa kumrudisha.

Watoto hakupewa yeye. Sisemi ni kwa ajili yetu peke yetu, karatasi ya serikali ina mistari mingi. Aliruhusiwa kuwaona mara moja kwa mwezi, saa moja, kwenye chumba chenye mtu wa kuangalia. Kanisa nalo likamwomba arudishe funguo za basi, kwa muda tu, mpaka maneno yatulie. Akarudisha. Hakuja tena Jumamosi. Na mimi, jamani, nikaendelea kutafsiri! Mwezi uliofuata niliwapa ya Kihindi, wakacheka.

Diski ya Wajerumani ilibaki kwangu, kwa kuwa Mwalimu naye aliacha kuja na sikuwa na uso wa kuipeleka kwake. Siku moja ya mapumziko, mchana, nikaiweka nikaitazama peke yangu. Bila mimi, ilikuwa filamu nyingine. Ule mdomo kwenye simu ulikuwa unatetemeka. Siku ile sikuona, nilikuwa natengeneza mkwaruzo. Nilipofika kwenye ngazi, wanamburuta, analia lile neno lake moja, nikalirudia mara nyingi mpaka nikalishika, nikampigia Mwalimu simu nikalitamka nilivyoweza.

Filamu ile alishaitazama na mumewe mpaka akayajua maneno yake. "Anasema nisikilizeni," akasema. Kisha akakata.

Nilikutana na Dereva mwezi wa kwanza, Longbridge, kwenye kituo cha basi karibu na maduka mapya, upepo unakata masikio. Nilimwona kabla hajaniona na nikageuka nirudi dukani. Akaniita. "Yaya!" Kama zamani.

Nikaenda nimejiandaa. Nilitaka anitukane, Mungu anajua, nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyosimama. Alinipa mkono. Akaniuliza habari za mke wangu, za watoto, za kazi. Akaniambia ametoka kuwaona mabinti siku ile ile.

"Mukubwa alisema Kiswahili," akasema.

"Kweli?"

"Kweli, Yaya. Hajawahi. Siku zote mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kingereza. Sasa leo saa ilikuwa imeisha, niko mu mulango naenda, akasema." Akaingiza mikono mfukoni. "Alisema, mama, ulishafunga mulango."

Hakulitamka kwa sauti yake. Alilitamka kwa ile yangu, na mkwaruzo niliouongeza, na ule mvuto wa mwisho. Aliijua vizuri.

"Banamuonesha ku telefone, kule ku masomo," akasema. "Batoto ya pale bote banaijua."

Nikauliza swali la kijinga. Nikauliza, "Alikuwa anacheka?"

"Hapana. Alisema vile, kisha akajificha nyuma ya ule mama muzungu. Na mudogo naye akajificha." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, baridi ilikuwa kali. "Nikisema kitu, banaogopa. Nikinyamaza, ule wa kuangalia anaandika kama sisemi na batoto."

Nikafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Mimi, fundi.

Akanisogelea, akateremsha sauti, na alikuwa na haya usoni kwa kile alichokuwa anakwenda kuomba. "Yaya, weye unajua sauti. Unifundishe ingine. Mwezi unaokuja nikiingia pale, niseme na sauti gani, basiogope?"

Nilitazama barabarani kama basi linakuja. Halikuwa linakuja. Nikamwambia aanze kwa salamu. "Sema, hamjambo wanangu. Itoe kifuani, usiitoe kooni. Usivute mwishoni."

"Hamujambo banangu."

"Bado. Ichangamshe."

Akarudia. Nikamsahihisha. Akarudia tena, mtu mzima, kifungo cha shingoni kimefungwa, anaiga sauti yangu mimi barabarani mchana kweupe, na watu wenye mifuko yao ya manunuzi wanatupita. Kama mara ya sita alikaribia. Mara ya nane ilikuwa mimi kabisa, sauti ya Tabora, na yake haikuwemo tena hata kidogo. "Hapo hapo," nikamwambia. "Ishike hiyo." Akasema aksanti, aksanti sana, Yaya, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Basi lake likafika akapanda, akaketi dirishani upande wangu. Alikuwa anaendelea kujifunza. Kioo kilikuwa kimefungwa na injini inanguruma, sikusikia kitu, niliona mdomo tu.